Vitabu Navyo Vilikimbia Vita

Hotuba ya kikundi chetu cha amani mbele ya wakuu wa kambi, wazee wa vijiji jirani na familia zilizohama, karibu na Kalemie



Kikao kilichopita kiliisha vibaya, hatutaficha. Tulikuja na habari ya sanduku la vitabu na chumba cha kusomea, na kabla hatujamaliza kueleza, mama mmoja alisimama akatuuliza, "Mnatuletea vitabu, tutavipika?" Watu walicheka. Sisi pia tulicheka, lakini tulipokuwa njiani kurudi hatukucheka tena. Mama yule alisema kweli. Shitingi zimeoza, mvua inaingia ndani, na mihogo mliyoipanda kwenu inavunwa na watu wengine. Siku kama hiyo, mtu akikutajia kitabu unamwona kama mtu asiye na macho.

Basi leo hatukuja kubishana na mama yule. Tumekuja kwanza kuwasimulia habari moja ya kweli, ambayo sehemu yake ya mwisho ilitokea mwaka 2025. Kisha tutazungumza juu ya lile sanduku na juu ya ufunguo wake, maana tunajua kwamba hapo ndipo penye ugomvi.

Kuna mji unaitwa Timbuktu. Uko kaskazini ya nchi ya Mali, Afrika ya magharibi, mahali jangwa la Sahara linapokaribia mto Niger. Zamani ulikuwa mji wa biashara. Chumvi ilitoka jangwani, dhahabu ilitoka kusini, na vitabu vilitoka kila upande. Watu wa mji ule walinunua vitabu, wakavinakili kwa mkono, wakaandika na vya kwao. Waliandika kwa Kiarabu, na pia kwa lugha zao wenyewe kwa herufi za Kiarabu, kama vile Kiswahili chetu kilivyoandikwa zamani huko pwani. Ndani yake mna mambo ya dini, ya sheria, ya nyota, ya dawa, mna mikataba ya biashara, na mna maandiko juu ya utawala mwema na namna ya kumaliza magomvi. Wale wanaosema kwamba Waafrika hawakuandika kitu mpaka Mzungu alipofika, waulizeni walipata wapi habari hiyo.

Jambo la kuangalia ni hili: vitabu hivyo havikukaa katika jumba moja kubwa la serikali. Vilikaa majumbani mwa watu. Ukoo mmoja ulikuwa na sanduku moja, ukoo mwingine ulikuwa na chumba kizima. Baba aliwaachia watoto, watoto wakawaachia wajukuu, kama sisi huku tunavyoachiana shamba.

Mmoja wa wataalamu wa mji huo aliitwa Ahmed Baba, aliyezaliwa mwaka 1556. Mwaka 1591 jeshi la Moroko lilikuja likauteka mji. Ahmed Baba na wenzake walikamatwa, wakavushwa jangwa mpaka Marrakesh, wakiwa wafungwa. Vitabu vyake vilipotea, yapata 1,600, na yeye mwenyewe alisema kwamba katika ukoo wao maktaba yake ndiyo ilikuwa ndogo. Huko uhamishoni alifundisha, na hao waliokuja kumsikiliza walikuwa watu wa nchi iliyomteka. Aliruhusiwa kurudi kwao mwaka 1608. Kwa hiyo yule mwenye jina kubwa kuliko wote katika habari za vitabu vya Timbuktu alikuwa mtu aliyehamishwa na vita, kama ninyi.

Mwaka 2012 vita vilifika tena. Vikundi vyenye silaha viliteka kaskazini yote ya Mali, na Timbuktu ikiwemo. Wakaanza kubomoa makaburi ya watakatifu wa mji. Wenye vitabu wakaelewa kwamba zamu yao inakuja. Kulikuwa na mtu anaitwa Abdel Kader Haidara, mtoto wa ukoo wenye vitabu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akizunguka vijijini kutafuta vitabu vya zamani ili vihifadhiwe. Yeye na wenzake walinunua masanduku ya chuma, yale yale wanafunzi wetu wa internati wanayotumia. Usiku walipakia. Walificha masanduku katika nyumba za watu, mahali pengi mbalimbali, ili moja likikamatwa yasikamatwe yote. Kisha wakaanza kuyasafirisha kidogo kidogo kuelekea Bamako, mji mkuu, mamia ya kilometa kusini: kwa magari, na baadaye kwa mitumbwi juu ya mto Niger.

Ninyi mnajua safari ya namna hiyo ilivyo. Mnajua bariere ni nini. Mnajua jinsi mtu anavyokaa kimya juu ya mzigo wake huku askari anauliza, "Hapa ndani mna nini?" Wale madereva, wale wapiga kasia, wale vijana waliolala juu ya masanduku, majina yao mengi hayamo katika magazeti. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba vitabu na maandiko zaidi ya 350,000 vilitoka kwa njia hiyo. Mwezi wa Januari 2013, wapiganaji walipokuwa wanauacha mji, walitia moto maandiko katika taasisi yenye jina la huyo Ahmed Baba. Yapata 4,000 yalipotea. Lakini moto ulikuta mengi yamekwisha kuondoka.

Ndugu, watu wengi wanaposimulia habari hii wanaishia hapo. Vitabu vimeokoka, watu wapige makofi. Sisi tunaona kwamba sehemu iliyo karibu nasi zaidi ndiyo inaanzia hapo, kwa sababu ninyi mnajua kwamba kuokoka ni siku moja, na kukaa ugenini ni miaka.

Bamako si Timbuktu. Timbuktu hewa yake ni kavu, ni jangwa. Bamako mvua inanyesha miezi mingi, hewa ina majimaji. Karatasi iliyoishi mamia ya miaka katika ukavu ilianza kupata ukungu na kulika. Vitabu vilikuwa salama na bunduki, lakini havikuwa salama na mahali penyewe. Watu walifanya kazi kubwa ya kuvisafisha kurasa kwa kurasa, kuvitengenezea maboksi, na kuvipiga picha ili hata kitabu kikipotea maneno yake yabaki. Mwaka 2022 kurasa zaidi ya 40,000 ziliwekwa kwenye intaneti, hata mtu wa hapa mwenye simu nzuri na mega za kutosha angeweza kuziona. Lakini picha ni picha. Wenye vitabu walitaka virudi.

Na vimeanza kurudi. Tarehe 11 Agosti 2025, baada ya miaka 13, shehena ya kwanza ilifika Timbuktu: masanduku zaidi ya 200, uzito wa tani 5 na nusu. Sababu kubwa iliyotolewa ni ule unyevu wa Bamako.

Tulipopata habari hiyo tulifurahi, kisha tukabishana sisi kwa sisi ofisini. Kwa nini? Kwa sababu tarehe 2 Juni ya mwaka huo huo, miezi miwili tu kabla, kambi ya jeshi na uwanja wa ndege wa Timbuktu vilishambuliwa. Mwenzetu mmoja akasema, wamerudisha mapema mno. Mwingine akasema, wakingoja siku ambayo hakuna bunduki hata moja, vitabu vitakwisha kuoza Bamako. Hatukupata jibu. Lakini tuliwakumbuka ninyi, maana mazungumzo hayo hayo tunayasikia hapa kila wiki: "Turudi?" "Bado." "Tutaozea hapa?" "Juzi wamechoma tena." Tofauti ni kwamba kitabu hakiulizwi kama kinataka kurudi. Ninyi mnapaswa kuulizwa. Mapatano ya Kampala, ambayo nchi za Umoja wa Afrika ziliyapitisha mwaka 2009 kwa ajili ya watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, yanasema hivyo: mtu achague kwa hiari yake, akiwa na habari kamili, kama atarudi, atabaki alipo au atakwenda mahali pengine. Mtu akija na lori akawaambia pandeni, muulizeni juu ya Kampala.

Sasa turudi kwetu.

Wakati wa mapigano ya mwaka 2016 na 2017 kati ya Waluba na Watwa, katika jimbo hili la Tanganyika shule nyingi zilichomwa au zilibomolewa. Kila mtu anazungumza juu ya mabati na madawati. Mara chache tunasikia mtu akitaja kabati la direkta, ambamo mlikuwa na vitabu vya darasa na daftari za majina. Tulipokuwa tunasaidia kuandikisha watoto hapa kambini, mama mmoja alifungua kitenge, ndani ya kitenge mna mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mna buletini ya mtoto wake ya mwaka wa nne wa shule ya msingi. Alikimbia bila sufuria. Alikimbia na buletini. Hajui kusoma, akatuomba tumsomee. Mtoto alikuwa amepata 61 kwa mia. Mama akasema, "Nilijua amefaulu, lakini sikujua ni ngapi." Tangu siku hiyo hatukubali mtu aseme kwamba watu wa kambi hawana haja na karatasi.

Lakini kuna kosa letu ambalo lazima tulitaje, kwa kuwa wazee wengine hapa wanalikumbuka. Tuliwahi kuleta maboksi ya vitabu mahali pengine, kambi nyingine. Vilikuwa zawadi kutoka ng'ambo, na sisi tulivipokea bila kufungua. Vilikuwa vya Kiingereza karibu vyote. Kimoja kilifundisha namna ya kutunza bustani wakati wa theluji. Baada ya miezi michache tulivikuta sokoni, kurasa zimefungiwa karanga. Tulikasirika, halafu tukaona aibu, maana mwenye karanga ndiye aliyekuwa amevipatia kazi. Katika maboksi yale yote kulikuwa na kitabu kimoja tu cha Kiswahili, Mahali Pasipo na Daktari. Hicho hakikufungia karanga. Kilizunguka kutoka shitingi hadi shitingi mpaka jalada likatoka, na mwisho tulikikuta kwa mkunga wa kienyeji, kimeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Kwa hiyo safari hii tumefungua kwanza. Vitabu vilivyomo katika sanduku ni vya Kiswahili na vya Kifaransa cha shule. Vya watoto wadogo ni vingi kuliko vyote. Vya afya vipo, vya kilimo vipo, na kamusi mbili. Kipo pia kitabu cha Abdulrazak Gurnah kiitwacho Peponi. Mtu huyo alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kijana baada ya mapinduzi ya 1964 na machafuko yaliyofuata, akawa mkimbizi Uingereza. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi, na walipomtangaza walitaja hasa jinsi anavyoandika juu ya hali ya mkimbizi. Yeye huandika kwa Kiingereza, lakini mwaka 2022 Peponi ilitoka Dar es Salaam kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Humo mna kijana anayechukuliwa katika msafara wa biashara kutoka pwani, wanavuka ziwa, hilo hilo la kwetu, kuja upande huu. Mtakisoma mtuambie kama ametuona vizuri.

Mtu atasema, mambo haya ni ya wasomi wa mjini. Hapana. Huko Garissa, Kenya, mwaka 1996 idara ya maktaba ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia mpaka kwa wafugaji wanaohamahama. Na Burundi, mwaka 2014, maktaba ya kubebeka ililetwa katika kambi za Kavumu na Bwagiriza, na waliokuwa wanakaa kambi hizo ni Wakongomani wenzetu waliokimbia kutoka Kivu. Ilikuja ndani ya makasha ya rangi, ikafunguliwa uwanjani, ina vitabu, kompyuta, na sinema ya watoto. Letu si kubwa hivyo. Letu ni sanduku la chuma na shitingi moja na mabenchi.

Na hiyo shitingi moja, tunajua mnaitazama. Kuna mzee alituambia waziwazi: hizo fedha za vitabu mngenunua shitingi. Tulikaa tukahesabu. Zingefunika familia chache sana, na hapo ndipo tungewaomba ninyi wakuu mchague ni familia gani, na tungeondoka tukiwa tumewaachia vita vipya. Habari ya shitingi tumeipeleka kwa mashirika yanayoshughulika na makazi, barua mbili, na nakala anayo katibu wa komite yenu. Hawajajibu. Tutarudi kwao tena. Hatuwezi kuwaahidi zaidi ya hapo.

Tunakuja kwenye ufunguo.

Baadhi ya wakuu mmetuambia kwamba sanduku liwe la watoto wa kambi peke yao. Sababu zenu tumezisikia: watoto wa kijijini wana shule yao, wana nyumba zao, na mara nyingine wanawaita watoto wenu majina mabaya njiani. Ni kweli, tumeyasikia majina hayo kwa masikio yetu. Lakini hapa hatukubaliani nanyi, na ni afadhali tuseme mbele ya watu wote.

Mnakumbuka bomba la maji. Sisi ndio tuliolileta, na sisi ndio tuliokubali liwe la kambi tu. Wakati wa kiangazi akina mama wa kijijini walipita hapa na bidoni tupu kwenda mtoni, wakiangalia maji yanavyotoka. Baada ya majuma mawili mpini ulivunjwa usiku. Mkasema ni wao. Wao wakasema ni ninyi. Vijana wawili walipasuliwa vichwa, na mpini ungali umevunjika. Tulilipa kosa hilo mara moja, hatutaki kulipa mara ya pili kwa vitabu vya watoto.

Pia kuna jambo ambalo hatulisemi mara nyingi. Ndani ya kambi hii wapo Waluba na Watwa, na kijijini vilevile. Watoto wa Kitwa wengi hawajaingia shule kamwe. Wengine wanaogopa kuja kwa sababu hawajui kusoma na watachekwa. Kama chumba cha kusomea kitakuwa mahali pa wanaojua tayari, basi kitaongeza ukuta mwingine. Kwa hiyo tumeomba walimu wawili wa kujitolea, mmoja kutoka kila upande, wasome kwa sauti kila siku mchana, ili asiyejua kusoma aje asikilize kama wengine wanavyosikiliza redio. Watu wazima pia waje. Mama mwenye buletini ameshakubali kuja.

Maoni yetu juu ya kufuli ni haya. Sanduku liwe na kufuli mbili. Ufunguo mmoja ushikwe na mama wa hapa kambini, ufunguo wa pili ushikwe na mtu wa kijijini, na sanduku lisifunguke mpaka wote wawili wawepo. Mtasema ni kazi ngumu, mmoja akiwa mgonjwa watoto watakosa. Ni kweli. Siku ya kwanza mtakosa, siku ya pili mtakwenda kumtazama mgonjwa.

Limebaki jambo moja ambalo hatuna uhakika nalo. Tuliweka ndani ya sanduku daftari kubwa kumi, tupu, zenye jalada gumu. Mawazo yetu yalikuwa kwamba wazee waandike, au waandikiwe na vijana: majina ya vijiji vilivyoachwa, ya machifu, ya waliokufa njiani, nani alilima wapi. Watu wa Timbuktu walihifadhi mikataba yao hivyo. Lakini mzee mmoja wa hapa alituita pembeni akatuonya, "Ukiandika mpaka wa shamba la mtu, umeandika ugomvi." Tumelala na neno hilo siku tatu. Tunaona ana haki. Kwa hiyo majina ya vijiji na ya marehemu yaandikwe, na habari ya mipaka isubiri baraza la pande zote mbili, wakati mwami na wazee watakapokaa. Au kama baraza litasema isiandikwe kamwe, isiandikwe.

Sanduku liko kwenye gari, pale chini ya mwembe. Hatutalishusha kabla hamjapatana. Tunaomba majina mawili, moja la kambi na moja la kijiji, na tunaomba yatajwe na akina mama kwanza, kwa sababu mara iliyopita walizungumza mwisho, watu walipokuwa wamekwisha kusimama. Yule mama aliyetuuliza kama vitabu vitapikwa tunamwona amekaa kule nyuma. Tunaomba aanze yeye.